Joto na Hewa Bandani: Mwongozo wa Kulea Vifaranga wa Kuku katika Maeneo ya Baridi

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa Njombe, Makete, Mufindi na Rungwe, mfugaji anayepokea vifaranga kati ya Juni na Agosti hukabiliwa na usiku ambao joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na huko Kitulo sakitu huonekana juu ya majani asubuhi. Kwa hali hiyo wengi huona kinga ni kuziba: madirisha hufunikwa kwa turubai, nyufa hujazwa magunia, jiko la mkaa huingizwa ndani na mlango hufungwa. Kesho yake vifaranga kadhaa wakikutwa wamekufa, lawama hubebeshwa baridi, na usiku unaofuata banda huzibwa zaidi. Mara nyingi vifaranga hao wameuawa na hewa waliyofungiwa nayo. Ndiyo maana mwongozo huu unalichukulia joto na hewa kuwa suala moja: anayepaswa kupata joto ni kifaranga pale alipo, na hewa ya banda zima iachwe ipite juu yake usiku na mchana.

Kifaranga aliyetoka kuanguliwa hana uwezo wa kujitengenezea joto la kumtosha. Mwili wake una manyoya laini tu yasiyohifadhi joto, na kwa muda wa wiki mbili hivi joto la mwili wake hupanda na kushuka kufuatana na mahali alipo. Akipigwa na baridi katika siku hizo, huacha kula na kunywa, na kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake, ambacho ni akiba yake ya siku mbili tatu za mwanzo, hakitumiki inavyopaswa. Kifaranga wa namna hiyo anaweza asife siku hiyo. Hufa siku ya nne au ya tano, au hubaki amedumaa, akavamiwa na kila ugonjwa unaopita.

Maandalizi kabla vifaranga hawajafika

Banda lisafishwe, matandiko ya zamani yatolewe yote, sakafu na kuta zioshwe kwa maji na sabuni kisha zipuliziwe dawa ya kuua vimelea, na banda lipumzishwe kwa wiki mbili likiwa tupu. Dawa ikipuliziwa juu ya uchafu haifanyi kazi, kwa hiyo asiyekuwa na nguvu ya kusugua asihesabu kwamba dawa itamfanyia kazi hiyo. Baada ya sakafu kukauka kabisa, mwaga maranda makavu yenye kina cha sentimita 5 hadi 8, na katika miezi ya baridi kali yafike hata sentimita 10, kwa kuwa sakafu ya saruji hunyonya joto la miguu ya vifaranga. Pumba za mpunga zinafaa pia. Vumbi laini la mbao halifai, kwa sababu vifaranga hulidonoa wakidhani ni chakula na huwaumiza vifua. Maranda yaliyoota ukungu yasitumike hata kama yameanikwa yakakauka, kwa kuwa vimelea vya ukungu huingia kwenye mapafu na kusababisha vifo ambavyo dawa za kawaida haziviponyi.

Tengeneza duara kwa hadubodi au mabati yenye kimo cha sentimita 45 hivi. Duara lenye kipenyo cha mita 2 lina eneo la zaidi kidogo ya mita 3 za mraba, na linatosha vifaranga 120 hadi 150 katika wiki ya kwanza. Duara linafaa kuliko boksi la pembe nne, kwa sababu kwenye kona vifaranga hurundikana na wale wa chini hukosa hewa. Kadiri wanavyokua duara lipanuliwe, ili kufikia mwisho wa wiki ya tatu mita moja ya mraba isiwe na vifaranga zaidi ya 25.

Washa chanzo cha joto saa 24 kabla ya vifaranga kuwasili. Agizo hili hupuuzwa sana, kwa kuwa mtu huona anachoma mkaa au umeme bure. Ukweli ni kwamba hewa hupata joto haraka lakini maranda na sakafu huchukua muda mrefu, na kifaranga hulala juu ya maranda. Ingiza kiganja chako ndani ya matandiko hadi kiguse sakafu. Ukihisi ubaridi, bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) haijawa tayari hata kama kipimajoto kilichotundikwa kinaonyesha nyuzi 33.

Kiasi cha joto na namna ya kukipima

Wiki ya kwanza vifaranga wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na kila wiki joto hilo hupunguzwa kwa takribani nyuzi 3: wiki ya pili 29 hadi 32, wiki ya tatu 26 hadi 29, wiki ya nne 23 hadi 26, na kuanzia wiki ya tano nyuzi 21 hivi zinatosha. Kipimajoto kitundikwe sentimita 5 juu ya matandiko, pembezoni mwa eneo lenye joto, yaani katika kimo cha mgongo wa kifaranga. Kikitundikwa ukutani katika kimo cha macho ya mtu hakina msaada wowote, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu na namba utakayoisoma si ile wanayoihisi vifaranga.

Joto hilo halitakiwi kuenea bruda nzima. Katikati pawe na joto la kutosha, na ukingoni mwa duara pawe na ubaridi kidogo, nyuzi 27 au 28 hivi katika wiki ya kwanza, ili kifaranga achague mwenyewe. Kifaranga anayehisi joto atasogea pembeni, akasikia baridi atarudi. Mahali ambapo joto ni lilelile kila upande hana pa kukimbilia pindi mfugaji anapokosea kipimo.

Kwa sababu hiyo, namna vifaranga walivyokaa inaaminika kuliko kipimajoto. Wakiwa wametawanyika sawasawa, wengine wakila, wengine wamelala ubavu na miguu wameinyoosha, na sauti zao ni za chini, joto ni sahihi. Wakijikusanya chini ya taa au kuzunguka jiko na kulia kwa sauti kali isiyokatika, wana baridi. Wakikaa mbali na joto, mabawa wameyaachanisha na mwili na midomo iko wazi wakihema, wamezidiwa na joto. Wakisongamana wote upande mmoja wa duara, kuna upepo unaoingia chini kutoka upande wa pili, na hapo tatizo haliondoki kwa kuongeza moto. Tafuta upenyo huo uuzibe. Usiku ingia taratibu, simama kimya kwa dakika mbili tatu kabla ya kugusa chochote, kwa sababu vifaranga walioshtuliwa na mlango hawaonyeshi hali yao halisi. Kisha mchukue mmoja umguse miguu kwa shavu lako au ngozi ya shingo. Miguu ya baridi ni habari mbaya.

Wenye umeme wa uhakika wanaweza kutumia balbu ya infraredi ya wati 250, ambayo hutosha vifaranga 75 hadi 100. Itundikwe kwa mnyororo au waya imara, kamwe isining'inizwe kwa waya wake wa umeme, na ianze katika kimo cha sentimita 45 juu ya matandiko. Kupunguza joto kila wiki hufanywa kwa kuipandisha balbu. Umeme ukikatika, madumu ya lita 20 yaliyojazwa maji ya moto, yakafungwa vizuri na kuzungushiwa magunia, hutoa joto kwa saa kadhaa bila moshi wala hewa chafu. Njia hii ni ya kizamani na inahitaji mtu wa kuamka kuchemsha maji, lakini naipendekeza kwa mfugaji yeyote mwenye vifaranga wasiozidi 200, kwa kuwa haiingizi moto wala hewa chafu bandani.

Jiko la mkaa na hewa ya bandani

Wafugaji walio wengi vijijini hutumia jiko la mkaa, na hakuna sababu ya kuwaambia waache wakati hawana njia nyingine. Lakini ni lazima waelewe linavyofanya kazi. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu ikishashikwa na hewa hiyo haiwezi tena kubeba oksijeni ya kutosha, na mwili unakosa pumzi huku mapafu yakiendelea kuvuta hewa kama kawaida. Vifaranga husinzia, hulegea, kisha hufa kimya kimya bila dalili ya kuumwa, na nyama yao huonekana nyekundu mno isivyo kawaida. Hatari yenyewe iko hapa: watu wengi huamini kwamba mkaa ukishashika vizuri na moshi ukaisha, basi ni salama. Moshi huisha, hewa hiyo haiishi. Inaendelea kutoka hadi kaa la mwisho lizimike.

Kwa hiyo jiko liwashwe nje, likolee, moshi uishe wote, ndipo liingizwe ndani. Liwekwe juu ya matofali na lizungushiwe wavu wa waya ili vifaranga wasiliguse na maranda yasishike moto. Juu yake lifunikwe kwa chungu kikubwa cha udongo chenye matundu au kipande cha bati kilichoinuliwa, ili joto lisambae pembeni lisipande moja kwa moja darini. Mtu asilale ndani ya banda lenye jiko la mkaa kwa hali yoyote, wala mtoto asitumwe kwenda kulinda moto huo usiku. Ukiingia ukahisi kichwa kinauma au kizunguzungu, toka mara moja, acha mlango wazi, na uwatoe vifaranga baada ya hewa safi kuingia.

Hewa nyingine ya kuogopwa ni amonia, inayotokana na kinyesi kilichochanganyika na unyevu. Hii ina harufu kali inayochoma macho, na madhara yake huanza kwenye utando wa njia ya hewa wa kifaranga, ambao ndio unaozuia vimelea visifike kwenye mapafu. Utando huo ukiharibika, mafua na kideri (ugonjwa wa virusi wa kuku uitwao pia Newcastle) hupata njia. Pua ya mfugaji huzoea harufu hii baada ya dakika chache, na kwa kuwa mtu amesimama wima, anavuta hewa tofauti na ile ya sakafuni. Kila asubuhi, mara tu uingiapo, piga magoti na ushushe uso wako hadi kimo cha vifaranga. Ukisikia ukali wowote puani au machoni, banda limefungwa mno au matandiko yamelowa, na yote mawili yashughulikiwe siku hiyo hiyo.

Namna ya kupitisha hewa bila kuwapiga vifaranga upepo inategemea ujenzi wa banda. Ukuta uwe umezibwa kabisa kwa mita moja hivi kutoka chini, na sehemu ya juu iwe na wavu pande mbili zinazoelekeana. Pazia la turubai au viroba vilivyoshonwa lifungwe upande wa chini wa wavu na lifunguliwe kutoka juu kwenda chini. Watu wengi hulitundika kama pazia la dirisha la nyumbani, likifungwa juu na kukunjwa kutoka chini, matokeo yake hewa baridi inaingia na kuanguka moja kwa moja juu ya vifaranga. Pazia linalofunguliwa kutoka juu huruhusu hewa ya joto yenye unyevu kutoka karibu na paa, na hewa safi inayoingia hupata joto kidogo kabla ya kushuka. Hata usiku wenye baridi kuliko yote acha uwazi wa sentimita 10 hadi 15 juu, pande zote mbili, ila upande unakotoka upepo unaweza kupunguzwa. Mchana jua likitoka, shusha pazia zaidi, hatua kwa hatua.

Kama banda ni kubwa na joto linapotea, tenga sehemu ndogo kwa ajili ya bruda badala ya kuziba banda lote. Juu ya duara weka fremu ya mbao yenye wavu, na usiku funika theluthi mbili yake kwa magunia, ukiacha theluthi moja wazi. Nailoni isitumike kufunikia, kwa kuwa haipitishi unyevu: asubuhi utaikuta inatiririka matone yanayolowesha maranda. Ukitumia jiko la mkaa, usifunike duara hata kidogo.

Saa 24 za kwanza

Vifaranga wengi wanaofika Njombe au Makete wamesafiri kwa basi usiku kucha ndani ya maboksi ya vifaranga 100. Wakifika, waanze na maji kabla ya chakula. Maji yawe safi na ya uvuguvugu, yenye glukosi au vitamini kama yalivyoelekezwa kwenye pakiti, na wachache wachovywe midomo ili wajue yalipo, wengine wataiga. Baada ya saa moja au mbili wape chakula cha vifaranga juu ya sinia pana au karatasi isiyoteleza. Karatasi laini ya gazeti huwafanya wateleze na miguu kupanuka pembeni, ulemavu ambao mara nyingi haurekebishiki.

Saa nane baada ya kuwaweka, na tena kesho yake, kamata vifaranga 20 kutoka sehemu mbalimbali za duara na upapase kwa kidole mfuko wa chakula ulioko chini ya shingo. Ukiwa umejaa na laini kama uji mzito, kifaranga amekula na kunywa. Ukiwa mgumu, amekula bila kunywa. Ukiwa umejaa maji tu au uko mtupu, hajakiona chakula au ana baridi kiasi cha kutoondoka kwenye joto. Kufikia saa 24, karibu wote wanatakiwa wawe wameshiba. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na hukuonyesha makosa ya bruda mapema, vifo vikiwa bado havijaanza.

Vyombo vya maji vioshwe kila siku na maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Baada ya siku chache viinuliwe juu ya tofali au kibao, ukingo wake ulingane na mgongo wa kifaranga, ili maranda yasiingie na maji yasimwagike. Maranda yaliyolowa kuzunguka chombo yazolewe na kutolewa nje papo hapo.

Afya

Magonjwa ya wiki ya kwanza mengi huja na kifaranga kutoka alikoanguliwa, au hutokana na joto baya. Kabla ya kulipa, kagua matumbo: kitovu kiwe kimefunga na kikavu. Kitovu kibichi, cheusi au chenye harufu ni dalili ya maambukizi yasiyotibika kwa urahisi, na kifaranga huyo arudishwe. Kuhara nyeupe hurithishwa kutoka kwa kuku mama kupitia yai, kwa hiyo kinga yake ya kweli ni kununua kwa mtotoleshaji anayepima kuku wazazi. Kinyesi kinachoganda na kuziba tundu la nyuma huonekana sana kwa vifaranga waliopigwa na baridi au walioungua na joto. Lainisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu, usikivute kikiwa kikavu, kisha urekebishe joto lililosababisha.

Kuna desturi ya kuwapa vifaranga antibiotiki siku tano za mwanzo hata kama hawaumwi. Siiungi mkono. Antibiotiki haizibi pengo la joto wala la hewa, na kuitumia ovyo huwapa vimelea usugu, hata siku ya ugonjwa wa kweli dawa ishindwe. Itolewe pale tu mtaalamu wa mifugo anapobaini ugonjwa unaohitaji dawa hiyo.

Kuanzia wiki ya tatu tishio kubwa ni koksidiosisi, ambayo wafugaji huiita kuhara damu. Mayai ya vimelea vyake hutoka na kinyesi, na hukomaa kwa siku moja au mbili tu yakikuta unyevu na joto, vitu viwili ambavyo bruda iliyozibwa inavyo kwa wingi. Vifaranga huzubaa, manyoya husimama, mabawa hulegea na kinyesi huwa na damu. Amproliamu kwenye maji ya kunywa, kwa kipimo cha pakiti, hutibu vizuri ikianza mapema. Katika siku hizo usiwape vitamini zenye B1, kwa kuwa dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyo hiyo. Matandiko yaliyolowa yaondolewe, la sivyo ugonjwa utarudi dawa ikiisha.

Kideri na Gumboro (ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya mwili wa vifaranga) havina tiba. Kinga ni chanjo. Ratiba inayotumiwa na wengi ni kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21 na Gumboro tena siku ya 28, lakini afisa mifugo wa eneo lako anaweza kuibadili kulingana na hali ya hapo. Mareksi (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku) huchanjwa siku ya kwanza kituoni walikoanguliwa, na ndui hufuata wakiwa na wiki 6 hadi 8, kwa kuchoma utando wa bawa. Kwa kuku wa kienyeji, chanjo ya kideri ya I-2 ya tone moja la jicho hustahimili joto kuliko nyingine, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Chanjo za kwenye maji huharibika kirahisi. Zisafirishwe kwenye barafu, katika nyuzi 2 hadi 8. Maji yake yasiwe na klorini, chombo kisiwe cha chuma, na maziwa ya unga yasiyo na mafuta yachanganywe gramu 2 hadi 2.5 kwa lita ili kuilinda. Vifaranga wanyimwe maji kwa saa moja au mbili kwanza, kisha wamalize maji ya chanjo ndani ya saa mbili. Vyombo viwe vingi vya kutosha ili wadhaifu nao wanywe. Usichanje vifaranga wanaoumwa.

Kuwaondoa kwenye joto

Manyoya yakishaota mgongoni na mabawani, kwa kawaida katika wiki ya nne au ya tano, anza kuzima joto mchana jua likiwa kali, huku usiku likiendelea. Mwishoni mwa wiki ya tano, katika maeneo yenye joto kama Dar es Salaam au Tanga, watakuwa wameshaachishwa siku nyingi. Makete mwezi Julai wanaweza kulihitaji usiku hadi wiki ya sita. Usiku wa kwanza bila joto, watazame saa nne usiku na tena alfajiri, wakati baridi inapokuwa kali zaidi. Wakiwa wamerundikana, watawanye kwa mkono, zungushia duara tena, washa joto na ujaribu upya baada ya siku tatu.